Kuandika alama za kriketi ya wikendi bila hesabu kugombana: mwongozo kamili

Mechi imekwisha, wachezaji wanapeana mikono, lakini mezani watu wawili bado wameinamia vitabu. Kimoja kinasema 163, kingine 161, na timu iliyopiga ya pili ilihitaji 162. Hapo ndipo ugomvi wa kriketi ya wikendi huzaliwa, na mara nyingi wachezaji hawana kosa lolote.

Swali linarudi kila msimu: mbona jumla ya wapigaji hailingani na jumla ya warushaji? Jibu ni kwamba mpira mmoja huandikwa sehemu tatu, na watu wengi huandika sehemu mbili, kisha wanaitafuta ya tatu jioni. Mwongozo huu ni wa mtu aliyekabidhiwa kitabu Jumamosi asubuhi kwa sababu tu hakupangwa kucheza. Ukiufuata hatua kwa hatua, kitabu chako kitafungwa sawa.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Kitabu cha alama, au karatasi zake zilizochapishwa, zenye kurasa za kutosha kwa timu zote mbili.
- Penseli mbili zilizochongwa, kifutio na kichongeo. Kalamu ya wino iache mfukoni.
- Karatasi tupu ya pembeni kwa mambo ya kuuliza baadaye.
- Saa inayosema kweli.
- Kitu kizito cha kushikilia kurasa upepo ukivuma.
- Darubini ndogo, kama ipo. Uwanja mpana na kofia ngumu za kinga hufanya wapigaji wote wafanane.
- Kanuni za mashindano yenu, zilizoandikwa.

Programu za simu za kuhesabu alama zipo na zinasaidia. Hata hivyo, andika kitabu cha karatasi kwanza. Betri ikiisha kwenye ova ya 31 (ova ni mipira sita halali ya mrushaji mmoja), hakuna atakayekumbuka ova 30 zilizopita.

## Hatua ya 1: Pata majina na kanuni kabla ya sarafu kurushwa

Sheria za kriketi zinamtaka nahodha ataje wachezaji wake kwa maandishi kabla ya kura ya sarafu. Omba nakala ya orodha hiyo kwa manahodha wote wawili. Usikubali kuambiwa "utawajua wakiingia", kwa sababu hutawajua.

Waulize maswali manne na uandike majibu juu ya ukurasa: ova ngapi kwa kila timu? Mrushaji mmoja anaruhusiwa ova ngapi? Waidi (mpira uliorushwa mbali asipoweza kuufikia mpigaji) na noboli (mpira uliorushwa kinyume cha sheria) zina thamani gani? Kuna kikomo cha mikimbio (alama za wapigaji wawili kukimbia na kubadilishana pande, au za mpira kufika mpakani) ambacho mpigaji akikifikia lazima astaafu? Swali la tatu watu hulidharau. Kwa sheria za kawaida, waidi ni mkimbio mmoja na mpira unarudiwa, lakini mashindano mengine, hasa ya vijana, huhesabu miwili bila kurudia. Ukilijua hilo mchana, kurasa zako zote za asubuhi zina makosa.

Umefaulu ikiwa: una majina ya pande zote mbili, na majibu manne yameandikwa mbele yako.

## Hatua ya 2: Kaa pamoja na mwenzako, mahali mnapoonekana

Sheria zinataka waandika alama wawili, na desturi ni mmoja kutoka kila timu. Kaeni meza moja. Kukaa kila mtu na timu yake ni chanzo kikubwa cha vitabu viwili visivyokubaliana, kwa sababu mnagundua tofauti saa tatu baadaye badala ya sekunde tatu baadaye.

Chagueni mahali ambapo waamuzi wote wawili wanawaona, na mtu asipite mbele yenu. Kabla ya mpira wa kwanza, nendeni mkawasalimu na mkubaliane mtajibu ishara zao vipi: mkono ulioinuliwa juu, au karatasi nyeupe inayopungwa. Kujibu kila ishara, moja baada ya nyingine, ni wajibu wenu kisheria. Mwamuzi asipoona jibu anasimamisha mchezo na kuwatazama, na ana haki.

Ishara za kukariri ni hizi:

- Mikono miwili kando, sawa na mabega: waidi.
- Mkono mmoja kando: noboli.
- Kiganja wazi juu ya kichwa: bai, yaani mikimbio bila mpira kugusa bati (gongo la kupigia) wala mwili wa mpigaji.
- Kugusa goti lililoinuliwa: legibai, yaani mikimbio baada ya mpira kugusa mwili wa mpigaji, si bati.
- Mkono kupungwa huku na huku na kuishia kifuani: nne, mpira umefika mpakani baada ya kugusa ardhi.
- Mikono miwili juu: sita, mpira umevuka mpaka bila kugusa ardhi.
- Kidole cha shahada juu: ametoka.
- Ncha za vidole kugusa bega la upande uleule: mkimbio mfupi, yaani mpigaji hakufika mstarini, kwa hiyo usiuhesabu.
- Mikono kupishanishwa na kugusa mabega yote mawili: mwamuzi anafuta ishara aliyotoka kuitoa.

Hiyo ya mwisho ndiyo inayowapita wengi. Ukiiona, usifute chochote kwa pupa. Subiri ishara mpya, kisha rekebisha.

## Hatua ya 3: Kila mpira, sehemu tatu, kwa mpangilio uleule

Hapa ndipo mwongozo wote ulipo. Baada ya kila mpira, andika kwa mpangilio huu bila kuubadilisha hata mara moja:

1. Mrushaji. Kwenye kisanduku cha ova yake.
2. Mpigaji, au ziada. Mkimbio uliotoka kwenye bati unaenda kwenye mstari wa mpigaji. Usiotoka kwenye bati unaenda kwenye ziada.
3. Jumla. Kata namba kwenye safu ya jumla inayopanda.

Mpangilio wenyewe ungeweza kuwa mwingine. Muhimu ni kuwa na mmoja. Mkono ukishauzoea, sehemu iliyorukwa inajitangaza yenyewe, kwa sababu penseli inakosa mahali ilipozoea kwenda.

Semeni kwa sauti. Mmoja anatamka, "Nukta, mpira wa pili," mwingine anarudia. Mpira usio na mkimbio huwekewa nukta kwa mrushaji na kwa mpigaji pia. Usiruke nukta za mpigaji: bila hizo hutajua alikabili mipira mingapi.

Onyo: usianze kuandika mpira ukiwa bado unachezwa. Mpira unaweza kurushwa vibaya na mlinzi, ukapita vijiti vitatu vya upande mmoja na kufika mpakani. Hapo mikimbio iliyokamilika huongezewa minne ya mpaka, pamoja na mkimbio uliokuwa ukiendelea ikiwa wapigaji walikuwa wameshapishana mlinzi alipourusha. Tazama kwanza, andika baadaye.

## Hatua ya 4: Ziada, mahali ambapo vitabu vingi huharibikia

Ziada ni za aina tano, na swali la kujiuliza kila mara ni hili: je, mrushaji anadaiwa, yaani mikimbio hiyo inaandikwa kwake?

Waidi. Andika alama ya kujumlisha kwa mrushaji. Wapigaji wakikimbia, ongeza nukta kwenye pembe zake, nukta moja kwa kila mkimbio. Zote ni waidi, na zote anadaiwa mrushaji. Waidi inayofika mpakani ni waidi tano: moja ya adhabu na nne za mpaka. Mpira hauhesabiwi kwenye ova wala kwenye mipira ya mpigaji.

Noboli. Chora duara. Mkimbio mmoja wa adhabu unaenda kwenye ziada. Mikimbio iliyotoka kwenye bati iandike ndani ya duara na umpe mpigaji. Mrushaji anadaiwa vyote viwili, kwa hiyo noboli iliyopigwa nne inamgharimu mitano. Mpira hauhesabiwi kwenye ova, lakini unahesabiwa kuwa mpigaji ameukabili.

Hapa kuna mtego. Wapigaji wakikimbia kwenye noboli bila bati kugusa mpira, mikimbio hiyo ni bai au legibai, si noboli. Ndivyo sheria zilivyo tangu toleo la 2017. Zamani zote zilikuwa noboli na alidaiwa mrushaji, na wako watu wazoefu wanaoandika hivyo hadi leo. Ukiketi na mmoja wao, malizeni jambo hili kabla ya mchezo.

Bai na legibai. Bai ni pembetatu yenye ncha juu. Legibai ni pembetatu yenye ncha chini. Mrushaji hadaiwi. Mpira unahesabiwa kwenye ova, na mpigaji anahesabiwa ameukabili. Ova ambayo imetoa bai tupu bado ni ova isiyo na mkimbio kwa mrushaji. Unganisha alama zake ziwe herufi M. Ova yenye waidi hata moja haipati heshima hiyo.

Adhabu ya mitano. Mfano wa kawaida ni mpira kugonga kofia ya kinga ya timu inayolinda iliyowekwa chini uwanjani. Mwamuzi akigonga bega mara kwa mara kwa mkono wa pili, mitano ni ya timu inayopiga. Akiweka tu mkono juu ya bega la upande wa pili, ni ya timu inayolinda. Ina kisanduku chake kwenye ziada, na mrushaji haguswi.

## Hatua ya 5: Wiketi inapoanguka

Wiketi huanguka mpigaji anapotolewa. Subiri kidole cha mwamuzi. Kelele za walinzi hazitoshi.

Mrushaji anapewa wiketi kwa njia tano tu: mpira umeangusha vijiti, mpira umekamatwa hewani, LBW (mwili wa mpigaji umezuia mpira uliokuwa ukielekea vijitini), mlinda wiketi amevunja vijiti mpigaji akiwa nje ya mstari wake, au mpigaji amevigonga vijiti mwenyewe. Ranauti (vijiti kuvunjwa mpigaji akiwa bado anakimbia) si yake. Usimwandikie W kwa ranauti hata kama ni yeye aliyeurusha mpira vijitini.

Kwenye ranauti, mikimbio iliyokamilika kabla ya vijiti kuvunjwa inahesabiwa. Walikuwa wanatafuta wa pili? Mmoja upo, wa pili haupo. Mpira ukikamatwa hewani, mikimbio yote ya wapigaji kwenye mpira huo haipo.

Tangu 1 Oktoba 2022, mpigaji akitoka kwa kukamatwa, anayeingia huja upande wa anayekabili mpira hata kama wawili walishapishana. Mwisho wa ova tu ndio unaobadilisha hilo. Sheria hii imerahisisha kazi yetu, lakini bado utasikia mtu pembeni akipiga kelele kwamba walipishana. Mwache.

Andika papo hapo: jumla wiketi ilipoanguka, ni wiketi ya ngapi, nani ametoka, na mwenzake aliyebaki ana ngapi. Mtazame anayeingia na utafute kitu cha kumtambulisha: anapiga kwa kushoto, soksi zimevutwa juu ya suruali, mpini wa bati umevishwa raba ya rangi. Kiandike kwa herufi ndogo kando ya jina lake. Kitakuokoa akifikisha mikimbio thelathini na mwenzake thelathini na mmoja.

## Hatua ya 6: Funga kila ova

Mwisho wa ova una kama nusu dakika. Itumie hivi: jumlisha mikimbio ya mrushaji kwenye ova, iongeze kwenye jumla yake, andika jumla ya timu na wiketi, kisha mwenzako asome zake.

Tazama ova moja nzima. Timu ina 47 kwa wiketi 2. Mpigaji A ana 18, B ana 9, waliotoka walipata 12 kwa pamoja, na ziada ni 8: waidi 3, noboli 1, bai 3, legibai 1. Mrushaji amekwisha rusha ova 2 kwa mikimbio 7.

- Mpira wa kwanza: A, nukta. Jumla 47.
- A anapata mmoja. A sasa 19, jumla 48. B anakabili.
- Waidi, mlinda wiketi anaukosa, wanakimbia mmoja. Waidi 2, jumla 50. Wamepishana, kwa hiyo A anakabili.
- Legibai moja. Jumla 51, mrushaji hadaiwi. B anakabili.
- Noboli, B anaipiga nne. B sasa 13, noboli 1, jumla 56. Mrushaji anadaiwa 5.
- B anakamatwa. 56 kwa wiketi 3. C anaingia na kukabili.
- C, nukta.
- C anapata miwili. Jumla 58. Ova imekwisha.

Mipira minane imerushwa, sita ni halali. Mrushaji: 1, 2, 5 na 2, yaani 10. Sasa ana ova 3, mikimbio 17, wiketi 1. Jumla ya timu imepanda kwa 11, si 10, na tofauti hiyo ya mmoja ni legibai. Ukiweza kuieleza tofauti hiyo kila ova, kitabu kiko salama.

Pima pande zote mbili. Wapigaji: 19, 13, 2 na 12 ni 46, ziada sasa ni 12, jumla 58. Warushaji: walikuwa na 43 kwa pamoja, wameongeza 10, ni 53; ongeza bai 3 na legibai 2; jumla 58. Pande zote tatu zimekutana.

Kipimo hiki kirefu hakiwezekani kila ova. Kifanye kila wiketi inapoanguka na kila mapumziko ya maji.

Mwamuzi akikosea kuhesabu mipira, ova inabaki kama alivyoihesabu yeye. Ikiwa ni mipira mitano au saba, andika mitano au saba.

## Hatua ya 7: Hesabu zikigombana, tafuta hivi

Usifute kitu mchezo ukiendelea. Andika pembeni "tofauti, ova ya 14", endelea na mpira ulio mbele yako, na urudi wakati wa mapumziko. Nimeona vitabu vikiharibiwa na ukarabati wa haraka kuliko na kosa lenyewe.

Kwanza rudi kwenye ova ya mwisho ambayo kila kitu kilikubaliana. Kosa liko baada ya hapo. Hii ndiyo faida ya kufunga kila ova: unatafuta kwenye mipira ishirini, si mia mbili.

Kisha itazame tofauti yenyewe:

- Upande wa warushaji umepungua kwa mmoja: mara nyingi hujamdai mrushaji waidi au noboli.
- Upande wa warushaji umezidi: umemdai bai au legibai.
- Upande wa wapigaji umepungua kwa nne: nne imekatwa kwenye jumla lakini haikufika kwenye mstari wa mpigaji.
- Upande wa wapigaji umezidi kwa mmoja: kuna legibai uliyompa mpigaji na ukaiandika pia kwenye ziada.
- Pande zote za kitabu chako zinakubaliana, ila mwenzako ana tofauti: mmoja wenu hakuona ishara. Muulizeni mwamuzi kwenye mapumziko. Msikisie.

Kuna kosa moja ambalo kipimo hakilioni: mikimbio ya A kuandikwa kwa B. Jumla itakuwa sawa kabisa, na mtu atanyimwa hamsini yake. Dawa pekee ni kujua kila mara nani anakabili. Idadi ya mikimbio isiyogawanyika kwa mbili hubadilisha pande, na mwisho wa ova hubadilisha pande. Ukiona anayekabili si yule kitabu kinasema, simama hapo hapo na umuulize mwenzako.

## Hatua ya 8: Kati ya iningi mbili

Iningi ni zamu ya timu kupiga. Usiinuke kwenda kula kabla ya kufunga ukurasa. Sheria zinawataka mkubaliane na waamuzi kuhusu mikimbio, wiketi na ova katika kila mapumziko isipokuwa ya maji. Wakishaidhinisha, watangazie manahodha lengo: jumla ya timu ya kwanza kuongeza mmoja. Liandike kwa herufi kubwa juu ya ukurasa mpya.

## Hatua ya 9: Mpira wa ushindi na matokeo

Mwisho wa mechi ni mahali pa kutulia kuliko pote, kwa sababu mechi huisha sekunde lengo linapofikiwa.

Unahitajika mmoja, mpigaji anaupiga mpira unafika mpakani kabla hawajamaliza kukimbia: timu inapewa nne zote. Wakimaliza mkimbio mmoja kabla mpira haujafika, mechi imekwisha na mpaka hauhesabiwi.

Unahitajika mmoja na mwamuzi anaita noboli: mechi imekwisha kwa adhabu hiyo, hata mpira ukipigwa sita. Yalimkuta Virender Sehwag wa India kule Dambulla, Sri Lanka, mwaka 2010. Alikuwa na 99, timu ikihitaji mmoja, akapiga sita kwenye noboli. Sita haikuhesabiwa na akabaki 99. Likitokea kwenu, utakuwa na mpigaji mwenye hasira mbele ya meza yako. Mwonyeshe kanuni kwa upole.

Matokeo huandikwa hivi: timu iliyopiga kwanza ikishinda, imeshinda kwa tofauti ya mikimbio. Iliyopiga ya pili ikishinda, imeshinda kwa wiketi zilizobaki; ikiwa imepoteza 6, imeshinda kwa wiketi 4. Jumla zikilingana na ova zikaisha, ni sare, isipokuwa kanuni za mashindano yenu ziwe na njia ya kuamua mshindi.

Fanyeni kipimo kirefu mara ya mwisho kwa iningi zote mbili, mpeleke vitabu vyote viwili kwa waamuzi, mpate saini zao, ndipo mpige picha ya kila ukurasa kabla kitabu hakijaingia kwenye mfuko wa mtu yeyote.